Miezi Mitatu ya Mdomo wa Loice

Hapa Boito, ukitaka habari ivuke mto kabla ya chai ya saa nne, usihangaike na simu. Mnong'oneze Loice, kisha umwambie, "Lakini usiseme." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yatakayoitia habari mbio. Uchumba wa mchungaji aliutangaza yeye, na mchungaji akafuata. Ng'ombe wa jirani alipozaa pacha, mwenye ng'ombe alipongezwa njiani na watu wa ng'ambo kabla hajafika zizini kujionea. Na bado hakuna aliyeweza kumnunia Loice mpaka jioni, maana ukienda kumgombeza anakukaribisha, anakumiminia chai, anakuchekesha, na unarudi kwako umebeba habari ya mtu mwingine.

Kama ni kosa, ni la malezi. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai Kericho kwa mwaka mmoja, akakaa thelathini, na Loice akazaliwa kwenye laini za shamba kubwa, nyumba zilizopangwa bega kwa bega na ukuta mmoja mwembamba katikati. Mtoto wa laini hukua akijua kwamba habari ni ya wote, sawa na bomba la maji. Alipoolewa na Joab Owiti, mtu mkubwa wa maneno machache anayechochea kuni kwenye bwela, tanuri la mvuke la kiwanda, na kuimba besi kanisani, walipanga nyumba Boito, wakamzaa Maxine, na Loice akaanza kuchuma chai ya Priscah.

Huyu Priscah ni Mkipsigis wa hapa hapa, mke wa Kipkosgei, wenye ekari moja na kitu ya chai na ng'ombe wawili wa maziwa. Akisema sentensi mbili mfululizo, ujue kuna jambo kubwa. Watu walishangaa jinsi wawili hao walivyopatana, mmoja haanzi maneno na mwingine hayamalizi, lakini kwenye mistari ya chai waliendana vizuri sana. Loice alihadithia, Priscah alicheka kwa pua, na vikapu vilijaa.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu. Lori la kiwanda lilikuwa limechelewa, na wachumaji walijikinga kwenye kituo cha kupimia chai, kile kibanda cha mbao na mabati kilicho njia panda. Priscah hakupaswa kuwa pale. Tumbo la mimba lilikuwa limeshuka na begi la hospitali lilikuwa tayari nyuma ya mlango, ila alitaka kuona chai yake ikipimwa, maana mwenye chai haamini kilo asizoziona. Akaegemea meza, akashika kiuno. Loice, aliyekuwa katikati ya hadithi, akanyamaza ghafla, na watu wote wakageuka kuona ni kitu gani kimeweza kumnyamazisha.

Mtoto hakungoja mtu. Kipkosgei alikuwa mnadani Siongiroi, barabara ilikuwa tope tupu, na bodaboda wawili walijaribu kupanda kilima wakarudi kinyumenyume. Wanawake wakatandika magunia safi, wakaweka leso juu yake. Mmoja akakimbilia dukani kuleta wembe mpya na uzi. Loice akapiga magoti, akakunja mikono ya sweta.

"Usinishike na mikono, Loice!" Priscah akapiga ukelele. "Wacha! Usinishike na mikono!"

"Sasa nikushike na nini, mama? Na miguu?"

Wanawake wakaangua kicheko hapo hapo kwenye hofu yao. Priscah akajaribu kumsukuma, lakini uchungu ukamkamata tena, na mara mtoto akaangukia mikononi mwa Loice, msichana, mwenye sauti ya kumshtua hata Kiplimo, karani wa kituo, aliyekuwa amegeukia ukuta muda wote akijifanya anahesabu mabati. Walipomaliza kukata kitovu walimgeuza Kiplimo kwa nguvu. Mizani si ilikuwepo? Basi mtoto akafungwa vizuri kwenye leso, akaning'inizwa kwenye ndoana inayoning'iniza chai.

"Kilo tatu na nusu," akasoma Kiplimo, na kwa mazoea ya kazi akaongeza, "toa nusu ya maji na gunia."

Nusura apigwe. "Mtoto wa watu hana maji!" wanawake wakamfokea, kila mmoja akikumbuka kilo zake zilizowahi kukatwa, na vicheko vikasikika mpaka barabarani. Ndipo lori lilipofika. Siku hiyo lilibeba mtoto kwanza, chai ikasubiri. Mama, mtoto na Loice wakaketi mbele na dereva mpaka zahanati, Loice akiimba njia nzima, mikono yake nyeusi kwa utomvu wa chai na nyekundu kwa damu iliyokuwa imeanza kukauka.

Pale zahanati, nesi Nelvine alimkagua mama na mtoto, akasema wote wazima, akatoka kuleta dawa. Priscah akamwita Loice karibu na kitanda.

"Funga mlango," akasema. "Nilikuambia usinishike na mikono."

"Uliniambia. Na mimi nikakuuliza nikushike na nini."

Priscah hakucheka. "Niko na virusi, Loice. Miaka sita sasa. Nakunywa dawa kila siku, sijawahi kuruka. Kipkosgei anajua, na yeye hana. Nelvine anajua. Sasa na wewe." Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Ukitaka kusema kwa watu, utasema. Lakini kwanza nenda kwa Nelvine akuone hiyo mikono. Usiende nyumbani kwanza."

Loice alimwona Maxine akilini, akamwona Joab, akaiona mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hasira ilimjia pia, tusiseme uongo. Lakini nyuma ya hasira likaja wazo lililomkaa moyoni kuliko yote: mwanamke huyu angeweza kunyamaza. Angelala na siri yake salama, na Loice angeenda nyumbani akiimba. Badala yake alikuwa ameichukua siri aliyoifunika miaka sita na kuiweka kwenye mdomo mpana kuliko yote Boito, ili tu mwenye mdomo huo apate dawa mapema.

"Kongoi," Loice akasema, asante kwa Kikipsigis, neno alilokuwa akilitumia kwa mzaha siku zote. Safari hii hakufanya mzaha. Akatoka kwenda kumtafuta nesi, akamweleza alichoambiwa.

"Una kidonda mikononi?" Nelvine akamuuliza.

"Sina."

Nelvine akamnawisha kwa maji na sabuni, akavigeuza vidole vyake kwenye mwanga wa dirisha. Nyufa zilikuwa nyingi, zimejaa weusi wa chai. "Na hizi ni nini?"

"Hizo? Hizo ni chai tu."

Ndivyo tulivyo huku. Mchuma chai hahesabu nyufa za vidole kuwa vidonda, hata zikimwuma akikamua limau. Nelvine, aliyelelewa kwenye chai ya mama yake, alizijua. Akampima, na baada ya muda akamwonyesha jibu: hana virusi. Loice akaruka, akamkumbatia, akashika kitasa cha mlango.

"Rudi hapa, mama!" Nelvine akasema huku akicheka. "Hiyo ni habari ya zamani. Kipimo kimeniambia vile ulikuwa kabla ya leo. Ya leo hakiwezi kuiona bado. Mkipogoa chai asubuhi, jioni unaenda na kikapu kuchuma?"

"Nichume nini? Vijiti?"

"Basi na mwili ni hivyo. Kwanza virusi viingie, kama vimeingia, halafu mwili utengeneze askari wake, na hiki kipimo kinatafuta hao askari. Hiyo inachukua wiki kadhaa, na wengine mpaka miezi mitatu. Kwa hivyo tutapima baada ya wiki sita, na tena ikifika miezi mitatu. Hiyo ya mwisho ndiyo tutaamini."

Akaeleza kwamba hatari yenyewe ilikuwa ndogo sana, maana dawa za Priscah zilikuwa zimevilaza virusi hata kipimo cha damu yake kilikuwa hakivioni. Lakini kwenye mikono iliyo wazi namna ile mtu habahatishi. Kuna vidonge vya kuzuia, vya kumeza kila siku kwa mwezi mzima, na huanzwa upesi iwezekanavyo, kabla siku tatu hazijapita. Ukichelewa havina maana. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, na Loice akatazama vidole vyake, akameza cha kwanza hapo hapo.

"Na Joab nimwambie nini? Nikisema dawa, atajua ni damu ya nani. Boito nzima inajua nilizalisha nani."

"Mwambie ukweli. Mtu yeyote mwenye mikono imepasuka akishika damu ya mtu yeyote, sisi tunampa hii dawa. Hatuulizi ni damu ya nani. Na mpaka miezi mitatu iishe mtatumia kondomu."

Jioni Joab alirudi ananuka moshi wa mikaratusi, akasikiliza yote akiwa amesimama mlangoni. Alifungua mdomo kuuliza. Akamtazama mkewe, akaufunga. "Mama Maxine," akasema baadaye, "hiyo dawa inamezwa na chakula ama bila?" Loice alilia kwa furaha ya kuolewa na mtu wa maneno machache.

Sasa mateso yakaanza. Si ya vidonge, ingawa navyo vilimchafua tumbo. Mateso yalikuwa ya mdomo. Kila njia panda watu walimsimamisha awasimulie habari ya mtoto wa mizani, na alisimulia kwa mikono na miguu, lakini kila alipofika mahali Priscah alipopiga kelele, ulimi ulijikwaa. Akaogopa kwamba siku moja neno litamponyoka. Akaanza kusimulia kifupi. Akaanza kuondoka mapema kwenye mazoezi ya kwaya. Loice ananyamaza, na asubuhi anatapika kando ya mistari ya chai! Wanawake wa kwaya hawakuhitaji mganga. Wakamletea uji wa wimbi, wakamkataza kubeba kikapu kizito, na mzee mmoja wa kanisa akampongeza Joab mbele ya bwela. Joab alirudi nyumbani akiwa amenyooka kama mlingoti.

"Uliwaambia nini?" Loice akamuuliza.

"Nilisema asante."

"Joab! Sina mimba!"

"Najua. Lakini walikuwa wamefurahi sana."

Wakacheka mpaka Maxine akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Uji waliunywa wote watatu, na ulikuwa mtamu.

Mwezi wa vidonge ukaisha. Wiki ya sita ilipokaribia, Nelvine alimwambia aje Ijumaa, siku ile ile mtoto wa Priscah atakapopimwa. Jumanne Loice alienda Bomet kumnunulia Maxine viatu, akapita kwenye duka la dawa, akaona kifaa cha kujipima, kile cha kupitisha kwenye ufizi. Jumatano uvumilivu ukamshinda. Subira huvuta heri, lakini Loice na subira hawakuwahi kuwa marafiki. Akafunga mlango, akapitisha ufizini, akakisimamisha kwenye kichupa chake dirishani. Mstari mmoja, huna. Miwili, nenda zahanati. Akavuta kiti angoje.

Honi ya lori ikalia.

Kila mtu wa hapa anaijua nguvu ya honi ile. Chai iliyochumwa haingoji, na lori likiondoka umelala na majani yanayoungua guniani. Loice alikuwa amebeba gunia na kufika kilimani kabla hajajua amesimama. Kituoni kulikuwa na foleni, na baada ya foleni kulikuwa na watu wa kuzungumza nao. Aliporudi jua lilikuwa limeegemea vilima. Dirishani kulikuwa na mstari mmoja, na kando yake mwingine, hafifu, mwembamba kama unywele.

Hakukumbuka jinsi alivyofika kwa Priscah. Alimkuta anakamua, mtoto mgongoni. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, tayari, makali, na alijua neno moja tu la kwanza likitoka mengine yote yatafuata mpaka Boito nzima isikie: ni wewe. Ni damu yako. Kale kasichana kakageuza shingo, kakamtazama kwa macho makubwa. Loice akayameza maneno yake. Akanyoosha mkono, akamwonyesha Priscah kile kifaa.

Priscah akaweka ndoo chini, ng'ombe hajaisha kukamuliwa. "Twende kwa Nelvine. Twende wote. Sitakuacha uende peke yako." Sentensi tatu, na zote mfululizo. Wakashuka pamoja, Priscah akimshika mkono mbele za watu, yeye ambaye kwa miaka sita alikuwa akiingia zahanati kwa mlango wa nyuma.

Nelvine alikuwa anafunga. Akakiangalia kifaa, kisha akamwangalia Loice. "Ulikisoma baada ya muda gani?"

"Niliporudi kupima chai."

"Kupima chai! Maelezo yanasema dakika ishirini, isizidi arobaini. Baada ya hapo hakisomwi, mistari inaweza kutokea yenyewe. Hii si maziwa ya mursik, mama, ati ukiiacha ikae ndio inaiva."

Priscah akacheka kwa pua. Ilimtoka tu. Loice akamtazama, na yeye akajikuta anacheka pamoja na woga wake. Nelvine akamketisha, akamtoboa kidole, akaweka saa mezani, na safari hii hakuna aliyeruhusiwa kuondoka hata kama lori lingekuja kumlilia mlangoni. Muda ukafika. Mstari mmoja.

"Na hata ungesoma kwa wakati ukaona miwili," Nelvine akasema, "hilo peke yake si jibu. Ungekuja hapa turudie na kipimo kingine, ndio tuseme. Sasa umesikia? Hii ya leo ni habari njema. Ya mwisho bado."

Ijumaa Loice alimsindikiza Priscah. Nelvine alimtoboa mtoto kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi maalumu ya kupelekwa maabara. Loice akauliza mbona asipimwe kwa kile cha watu wazima, jibu lipatikane upesi.

"Kitatudanganya. Mtoto anazaliwa na askari wa mama yake, na wanakaa naye hata mwaka na nusu. Kile kipimo kitaona askari kiseme mtoto ana virusi, kumbe askari ni wa mama. Hii ya karatasi inatafuta virusi vyenyewe." Mtoto angeendelea na dawa zake za matone, na kupimwa tena na tena mpaka aache kunyonya.

Jibu la mtoto lilirudi kabla ya lile la Loice: hana. Priscah alipiga magoti pale pale kwenye nyasi za zahanati. Na miezi mitatu ilipotimia, Loice akaketi mara ya mwisho mbele ya saa ya Nelvine, Joab kando yake akiwa amevaa koti la Jumapili, na mstari ukawa mmoja, wa kuaminiwa. Joab akaimba besi ya wimbo mzima bila mtu wa kumwimbia sauti ya kwanza.

Jumapili iliyofuata ilikuwa shukrani nyumbani kwa Kipkosgei. Mursik ilimiminwa, mbuzi aliiva, na mtoto akatangazwa jina: Loice Chepchirchir. Chepchirchir kwa sababu alikuja kwa haraka, na Loice kila mtu alijua kwa nini. Watu wakapiga makofi wakidai hadithi, na safari hii Loice akasimama na kuisimulia yote, kwa sauti yake ya zamani. Alisimulia tope, bodaboda waliorudi kinyumenyume, Kiplimo na mabati yake. Akafika mahali pale.

"Akanipigia kelele, 'Usinishike na mikono!' Nikamwambia, 'Sasa nikushike na nini, na miguu?'"

Watu wakafa kwa kicheko. Kiplimo, aliyekuwa na mfupa mkononi, akauliza, "Lakini kwani kwa nini hakutaka mikono?"

Priscah alikuwa amesimama mlangoni na birika. Halikutikisika, ila chai iliacha kumiminika. Loice akainua mikono yake yote miwili juu, nyufa na weusi na yote, watu wazione.

"Si uone hii mikono! Utomvu wa chai mpaka kwa kiwiko. Mama alijua nikimshika mtoto atatoka na rangi, halafu wewe umkate kilo ati ni majani ya jana!"

Kicheko kilipaa juu ya mapaa. Kiplimo akajificha nyuma ya Kipkosgei, na Kipkosgei mwenyewe akajifuta macho kwa mkono wa shati. Priscah aliweka birika chini. Akapita katikati ya watu, akamtoa mtoto mgongoni, akasimama mbele ya Loice.

"Mshike," akasema. "Na mikono."